Ukurasa wa Saba

Tukikutana hapa Uingereza, iwe msibani au harusini, maongezi hayakawii kufika kazini. Meneja ana watu wake. Zamu za Krismasi zote zetu. Mwaka wa tatu huu hawajaweza kulitamka jina langu. Ni malalamiko ya haki, na jarida hili limeyaandika mara nyingi. Leo tunaandika dhuluma nyingine, ile tunayoikwepa kwa sababu anayeitenda tunakula naye pilau.

Uingereza ilipofungua viza ya kazi ya kea, yaani kuwahudumia wazee na wagonjwa, Februari 2022, simu za nyumbani hazikulala. Mombasa, Tanga, Nairobi, Kampala, kote swali lilikuwa moja: sponsa inapatikana wapi? Hapo akajitokeza mwenzetu. Kampuni anaijua, mwenye kampuni anamjua, na hati ya sponsa ataileta kwa pauni elfu kadhaa. Watu wakauza viwanja. Wengine wakakopa kwenye chama, wakawaweka shangazi zao dhamana.

Hati ile mwajiri alikuwa akiilipia serikalini pauni 199, baadaye 239. Aprili 2025 ikapanda hadi pauni 525. Ni gharama ya mwajiri, na tangu tarehe 31 Desemba 2024 kanuni za serikali zinamkataza waziwazi kumtwisha mfanyakazi. Basi zile elfu zilikuwa za nini? Za kuelekezana njia, tuliambiwa.

Dada mmoja wa hapa mjini alifika na deni hilo mgongoni. Asubuhi huwazungukia wazee saba, nusu saa kila nyumba, na kati ya nyumba na nyumba ni robo saa ya kuendesha gari. Tangu aingie kwa mzee wa kwanza hadi atoke kwa wa saba ni saa tano kamili, lakini analipwa tatu na nusu, kwa sababu kampuni inahesabu dakika za ndani ya nyumba tu. Kwa kima cha chini cha Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa, hiyo ni kama pauni 43. Gawanya kwa saa tano: pauni 8.55. Sheria inasema mwendo wa kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine ni kazi, na lazima uingie kwenye hesabu ya kima cha chini. Kwa hiyo asubuhi hiyo ameibiwa, hata kama hakuna aliyetia mkono mfukoni mwake.

Alipouliza ofisini, aliyempigia simu jioni hakuwa meneja. Alikuwa mwenzetu. "Dada, tulia. Wakikufuta una siku 60, halafu ni nyumbani."

Siku 60 ni za kweli: viza ikikatwa kwa sababu ya kupoteza sponsa, huo ndio muda unaopewa kwa kawaida. Alichokificha ni kwamba aliyepo hapa tayari kwa viza hiyo anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini. Tena Aprili 2025 waajiri wa kea wa England walitakiwa, kabla ya kuleta watu kutoka nje, kwanza wawajaribu walioko nchini wanaotafuta sponsa mpya. Mlango wa kuajiri wapya kutoka nje ndio uliofungwa, Julai 2025, na labda ndiyo maana mwenzetu siku hizi ana muda mwingi wa kuwapigia simu wa zamani.

Mbona hatumsemi? Kwa sababu ukitokea msiba, mwili ukitakiwa kusafirishwa nyumbani, jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha ya michango. Pauni mia mbili, papo hapo. Tunashukuru, tunampisha kiti cha mbele, wala hatuulizi zilitoka kiwanja cha nani.

Kwa walio kazini: andikeni saa zenu kwenye daftari, na mwendo pia. Hati ya mshahara ni haki yenu, na tangu Aprili 2019 anayelipwa kwa saa lazima aonyeshwe humo idadi ya saa alizolipwa. Acas, shirika la ushauri wa masuala ya kazi, wanashauri bure. Msikae na kesi kifuani mwaka mzima, maana muda wa kuifungua ni mfupi.

Na sisi tuna letu. Mwaka 2023 ukurasa wa saba wa jarida hili ulibeba, matoleo matatu mfululizo, tangazo la "nafasi za kea, sponsa uhakika". Hatukuuliza mwajiri ni nani. Orodha ya waajiri wenye leseni ipo wazi kwenye tovuti ya serikali. Kuipekua kungetuchukua dakika tano. Hatukuzitumia, kwa kuwa tangazo lililipa gharama ya kuchapa. Dada tuliyemtaja alilisoma kwa picha aliyotumiwa na binamu yake. Tumemwomba radhi, naye amepokea kwa maneno machache kuliko tulivyotarajia.

Tangu toleo hili, tangazo la kazi lisilo na jina la mwajiri halipiti. La mwezi huu lilikuja na pauni 80 ndani ya bahasha. Tumeirudisha kama ilivyokuja, na ukurasa wa saba tumeuacha mtupu.