Mwalimu Mkuu Aliyerudi Kuwa Mwalimu



Katika mkutano wa tawi uliopita viti vya mbele vilikuwa vitupu. Ni viti vile walivyozoea kukaa wazee wa chama, wale waliopata kuwa makatibu na waweka hazina wetu. Nilipouliza nikajibiwa kwamba fulani hakuchaguliwa tena, kwa hiyo haji. Na fulani amestaafu, kwa hiyo haoni kama mambo haya yanamhusu. Nikanyamaza, maana mimi nami nina deni katika jambo hili, na nitalitaja mbele. Lakini usiku ule nilimkumbuka mtu mmoja, nikaonelea kwamba nafasi hii ya mhariri mwezi huu tumpe yeye. Jina lake ni Edward Carey Francis. Alikuwa askari katika Vita Vikuu vya 1914 hata 1918, akawa Mwalimu Mkuu wa Maseno kwa miaka 12, kisha wa Alliance kwa miaka 22, akastaafu mwaka 1962, akafa tarehe 27 Julai 1966.

Nilipomweleza ndugu mmoja wa karakana nia yangu, aliniuliza, "Chama cha wafanya kazi kinamwandikia Mzungu wa misheni sifa za nini?" Ni swali la haki wala silikwepi. Nitalijibu tukifika Pumwani, maana jibu lake liko Pumwani.

Bwana Francis alizaliwa London mwaka 1897. Vita vilipowaka alikuwa kijana wa shule, na baada ya shule akapelekwa Ufaransa katika kikosi cha mizinga, akafika cheo cha luteni, na jina lake likatajwa katika taarifa za jeshi kwa sababu ya utumishi wake. Hayo yameandikwa na yanajulikana. Hapa nataka tusimame kidogo, maana vita vile vile vilifika hata kwetu Kano. Wazee wa Ahero na Nyakach na Seme walichukuliwa kwa maelfu, si kupiga mizinga bali kubeba risasi na unga wa wenye kupiga mizinga, kwa miguu, mpaka ndani ya nchi iliyokuwa ya Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania. Makumi ya maelfu hawakurudi. Waliwamaliza njaa na kuhara na homa kuliko risasi. Majina yao mengi hayakutajwa katika taarifa yo yote. Kumbukumbu moja waliyoachiwa ni jina la mahali, Kariokor, pale Nairobi, ambalo ni lile la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, limepita katika vinywa vyetu likawa letu. Shikeni jina hilo, tutalirudia.

Baada ya vita Bwana Francis alisoma hesabu katika chuo cha Cambridge, akashinda wengi, akawekwa kuwa mwalimu pale pale, katika chuo cha Peterhouse. Alitunga kitabu cha hesabu pamoja na J. E. Littlewood, ambaye wajuao hesabu humhesabu miongoni mwa wakuu wa karne ile. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1928 na kinahusu mafungu ya hesabu yasiyokuwa na mwisho. Nadhani hakuna mtu katika tawi letu atakayekihitaji, ingawa kuna wakati malalamiko yetu juu ya nyumba hunifanya nifikiri kwamba mafungu yasiyokuwa na mwisho tunayajua vizuri.

Mwaka ule ule wa 1928 aliiacha kazi hiyo ya heshima, akaja Maseno chini ya Misheni ya C.M.S. Alikuwa na umri wa miaka 31 hivi, hakuwa na mke, wala hakuoa mpaka kufa.

Maseno mnaijua, ndugu zangu, iko kando ya reli ya Butere, pale penye mstari wa Ikweta. Ilianzishwa mwaka 1906. Lakini labda wengi hamjui kwamba wanafunzi wa Maseno waligoma mwaka 1908, miaka mingi kabla ya chama cho chote cha wafanya kazi kuandikishwa katika nchi hii. Walichoshwa na kazi za mikono, wakasema wamekuja kutafuta kusoma. Watu wa Nyanza walikwisha tambua mapema kwamba kitabu ni chombo, na aliyenyimwa chombo hubaki mbebaji wa mizigo ya wenzake. Huyo Bwana Francis aliikuta Maseno na kiu hiyo. Akaitumikia. Alifundisha hesabu kwa ukali, akasimamia mpira wa miguu kwa ukali, akakagua usafi kwa ukali. Kiboko kilikuwa chake pia, tusifiche. Wengi waliopita mikononi mwake walikuwa wakicheka wakikikumbuka, lakini si wote. Siku zake Jaramogi Oginga Odinga alisoma pale Maseno, na baadaye akarudi kufundisha. Utaona ajabu ya jambo hilo: Mwingereza aliyeamini ya kuwa utawala wa Waingereza ni wa heri, na mwanafunzi wake akaja kuwa mmoja wa wale walioung'oa.

Mimi sikusoma Maseno. Nilisoma shule ya msingi ya misheni hapa karibu na Ahero, nikaishia hapo. Lakini Bwana Francis alikwisha fika nyumbani kwetu kabla sijazaliwa, ndani ya sanduku la bati la babu. Kilikuwa kitabu cha hesabu, Highway Arithmetics, alichokiandika kwa ajili ya shule za Afrika ya Mashariki, na kilichotumiwa na watoto wengi sana wa nchi hizi. Jalada lilikuwa limekwisha kutoka, na mchwa walikuwa wamekula pembe moja. Babu alifundishwa katika shule ya kijiji, nyasi juu na udongo chini, na mwalimu aliyekuwa ametoka Maseno. Siku za mafuriko ya Nyando, maji yakiingia mpaka uani, nyanya alikuwa akiokoa kwanza kuku na mbegu, na babu sanduku lile.

Kabla hajaandikwa reli, babu alifanya kazi kwa kontrakta mmoja wa kokoto, upande wa Miwani. Walikuwa watu 14 katika genge lao. Siku ya mshahara kila mtu alipokea alichopewa, akaweka dole gumba, akaenda zake. Babu peke yake alikaa chini ya mti na kalamu ya risasi. Akahesabu siku, akahesabu saa za ziada, akapata kwamba kila mmoja amepunjwa shilingi mbili na senti kadhaa. Hakupiga kelele. Aliandika hesabu za watu wote 14 katika karatasi moja, safi, mstari kwa mstari kama alivyofundishwa, akampelekea karani. Karani akaitazama mara mbili. Walilipwa wote Jumatatu. Babu alikuwa akisema kwamba siku ile hakutafuta mtu wa kumwombea wala wa kumpigania, maana hesabu yenyewe ilikuwa imesimama. Nimekuwa katika mazungumzo na waajiri mara kadhaa sasa, na sijaona silaha iliyo kali kuliko karatasi ya babu.

Mwaka 1940 Bwana Francis alihamishwa kwenda Alliance, pale Kikuyu, stesheni ya reli yetu hii hii itokayo Nairobi kuja Kisumu. Shule ile ilifunguliwa mwaka 1926 na umoja wa misheni za Kiprotestanti, na chini yake ikawa shule iliyojulikana kuliko zote za Waafrika katika Kenya. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wengi katika Serikali ya kwanza walikuwa wamekaa katika madawati yake. Sitakaa sana hapo, maana shule kubwa zina watu wengi wa kuzisifu.

Neno moja tu juu ya siku za Hali ya Hatari. Bwana Francis aliwapinga Mau Mau waziwazi, na kwa hilo wako wazee wasiomsamehe mpaka leo, nami siwezi kuwaambia wamsamehe. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955, na ndugu yake yuko msituni. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2012 juu ya miaka ile, Ngugi anaieleza shule ile kama mahali pa kujificha, na nje ya lango mbwa wa kuwinda wanamngoja. Sasa, mlinda lango alikuwa nani? Ni huyu huyu aliyewapinga watu wa msituni. Mtu mmoja hubeba mambo mawili, na mwenye kuandika habari zake lazima abebe yote mawili.

Twende Pumwani.

Mwaka 1962 Bwana Francis alikuwa na umri wa miaka 65. Amekuwa Mwalimu Mkuu kwa miaka 34. Kila mtu aliyemtazama angalidhani kwamba atapanda meli kwenda kwao, atafute nyumba ndogo yenye bustani, ale pensheni. Au angekaa hapa hapa akaitwa mshauri wa jambo hili na mwenyekiti wa jambo lile, maana wakubwa wapya walikuwa wanafunzi wake. Yeye alikwenda kuomba kazi ya kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani. Kuwa mwalimu. Si Mwalimu Mkuu. Mwalimu wa darasa, mwenye kupangiwa vipindi na mtu mwingine.

Na Pumwani ni wapi? Ni mtaa wa kwanza waliopangiwa Waafrika mjini Nairobi, mtaa wa vibarua, wapishi, wauza makaa na akina mama wenye vyumba vya kupangisha. Iko bega kwa bega na Kariokor, lile jina la wapagazi. Na kutoka Muthurwa, zilizokuwa landi za reli, mtu hufika kwa miguu kabla jasho halijamtoka. Watoto waliokaa mbele ya mzee huyo walikuwa watoto wa watu kama sisi. Luteni wa mizinga, mwalimu wa Cambridge, mkuu wa Alliance, alimaliza siku zake akisahihisha madaftari ya watoto wa mtaa ulio jirani na ule wenye jina la wale waliobeba risasi. Sijui kama yeye aliliona jambo hilo hivyo. Mimi naliona. Alifanya kazi hiyo mpaka mauti yalipomchukua, miaka minne baada ya kustaafu, na akazikwa katika kiwanja cha Alliance.

Hilo ndilo jibu langu kwa ndugu wa karakana. Hatumwandikii kwa sababu ya Uzungu wake wala misheni yake, na siasa yake tumekwisha kuisema. Tunamwandikia kwa sababu alishuka cheo kwa miguu yake mwenyewe, akabaki na kazi.

Sasa deni langu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa mjumbe wa wafanya kazi katika sehemu yangu. Uchaguzi ulipokuja, nilikosa kwa kura sita. Nilimpa mshindi mkono mbele ya watu, kisha nikaenda nyumbani nikakaa miezi mitatu bila kukanyaga mkutano. Nilikuwa na faili moja la malalamiko ya ndugu yetu aliyeumia mguu wakati wa kufunga mabehewa. Barua zote nilikuwa nazo mimi, tarehe zote nilizijua mimi. Mjumbe mpya hakuniuliza kwa sababu aliniogopa, nami sikumpa kwa sababu nilitaka aje aombe. Muda wa kudai ukapita. Ndugu yule alirudi kwao Nyakach na fimbo, na fidia hakupata. Amenisamehe, amesema hivyo kwa mdomo wake, lakini kila nikimwona sokoni Ahero siku ya soko anavyoshuka kwenye matatu, mguu mzuri kwanza, najua kura sita zile zilimgharimu nani. Nilipopewa kazi hii ya kuandika jarida, ambayo wengine waliikataa kwa kuwa haina posho, niliikubali upesi.

Basi kwa wale wazee wa viti vya mbele nasema hivi, kwa heshima, maana ninyi ni baba zetu katika chama. Hatuwaiti mje kuwa wenyeviti. Viti vina wenyewe sasa, na wakikosea tutawakosoa. Tunawaita kwa sababu ninyi ndio mnaojua mkataba wa zamani ulisema nini juu ya saa za usiku, na ni barua gani iliandikwa, na ni nani aliyeahidi nini. Mambo hayo yakikaa ndani ya nyumba zenu yatazikwa pamoja nanyi, na vijana wataanza kuhesabu kutoka moja.

Mzee mmoja amekwisha kubali. Alikuwa mweka hazina wetu kwa miaka 9 na hakuchaguliwa safari iliyopita. Juzi nilikwenda kwake Ahero, nikamkuta katika shamba la mpunga na maji yamemfika magotini, nikamweleza habari za Pumwani kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza neno moja tu: ubao tunao?

Ubao tunao. Darasa la kujifunza kusoma karatasi ya mshahara, makato, saa za ziada na hesabu ya malipo ya uzeeni litaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, katika ofisi ya tawi. Hakuna ada. Mwanachama aje na daftari, kalamu, na karatasi zake za mshahara za miezi mitatu. Wake zenu na watoto wenu waliosoma waje pia. Mjumbe mpya wa sehemu yangu ameahidi kukaa dawati la mbele, nami nitakaa karibu naye.