Hesabu Iliyochelewa Kihansi

Juni 2003, watafiti waliokuwa wakihesabu vyura katika korongo la mto Kihansi, kwenye miteremko ya milima ya Udzungwa nchini Tanzania, walikadiria kwamba wapo takriban 20,000. Januari 2004 waliona watatu.

Chura wa Kihansi hafiki sentimita 3 hata akikomaa, na hatagi mayai: huzaa watoto ambao tayari ni vyura kamili. Makazi yake duniani kote yalikuwa hekta 2 hivi za majani yaliyolowana usiku na mchana kwa manyunyu ya maporomoko. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa umekwisha kuanza. Mitambo ilipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji yalichepushwa na korongo likaanza kukauka. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi Bronx Zoo nchini Marekani. Baadaye vinyunyizio vikafungwa korongoni, na waliobaki wakaongezeka. Kisha karibu wote wakatoweka ndani ya miezi saba.

Kwa nini? Kuvu aina ya kaitridi, ambaye hushambulia ngozi na amemaliza vyura katika mabara kadhaa, alikutwa kwenye mizoga. Lakini mwaka huohuo wa 2003 bwawa lilifunguliwa kwa muda, tope likashuka korongoni, na ikahofiwa kuwa lilibeba mabaki ya dawa za mashambani. Mazingira yenyewe yalikuwa yamekwisha kubadilika. Kutenganisha sababu hizo kulihitaji kumbukumbu za miaka mingi: vyura hupungua kiasi gani kiangazi, huongezeka lini, mwaka wa kawaida ukoje. Kumbukumbu hizo hazikuwepo, kwa kuwa aliyehesabiwa alijulikana jana tu.

Serengeti ni habari nyingine. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu nyumbu kwa ndege mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengine wakaendeleza kazi hiyo. Nyumbu walipopanda kutoka takriban 250,000 hadi kupita milioni katika miaka ya 1970, chanzo kilionekana: chanjo ya ng'ombe ilikuwa imeikomesha sotoka, ugonjwa uliowaua nyumbu pia. Hata kupungua kwa moto na kurudi kwa miti kulieleweka, maana nyumbu wengi walikula nyasi ambazo zingeungua.

Ndiyo maana toleo hili linatetea kazi isiyo na sifa kubwa: kurudi palepale, kwa njia ileile, mwaka hadi mwaka. Wafadhili hupenda mradi wenye mwanzo na mwisho, ilhali ukame, joto na magonjwa havifuati kalenda ya ruzuku. Fedha za kuhesabu ziwekwe ndani ya gharama za ujenzi, kabla koleo la kwanza halijagusa ardhi.

Shirika la uhifadhi la IUCN lilitangaza mwaka 2009 kuwa chura wa Kihansi ametoweka porini. Wazao wa wale 499 walirejeshwa Dar es Salaam mwaka 2010, na miaka miwili baadaye wa kwanza wakaachiwa korongoni. Maji ya Kihansi huingia Kilombero, ya Kilombero huingia Rufiji, na Rufiji sasa ina Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Chini yake kuna delta yenye mikoko, kamba na wavuvi wanaowategemea. Kamba hao wahesabiwe sasa, kila msimu.