Sheria iko. Nani anahesabu bunduki?

Ndugu vijana, wakaaji wa Goma,

Tunaandika tukitoka kwenye kilio. Mwenzetu tuliyesoma naye, mwenye lisansi ya ekonomi, alikuwa anauza uniti kwenye kibanda pembeni ya barabara, sababu kazi ya diploma yake hakuipata. Saa moja ya usiku watu wawili walishuka kwenye moto, wakamupiga masasi, wakabeba simu na feza ya siku. Majirani walipiga simu kuomba msaada, wakaambiwa wangoje. Walingoja mpaka asubui. Mama yake aliuliza kitu kimoja tu: "Hiyo bunduki ilitoka wapi?"

Kwenye kilio kila mutu alikuwa na jibu lake. Wazee walisema serkali itunge sheria kali zaidi. Vijana wengine walitaka kwenda kushika kijana mumoja wanayemushuku, wamuchome na matairi. Sisi tunasema hapana kwa yote mbili, na tunaeleza juu ya nini.

Sheria hatukosi. Toka tarehe 3 Septemba 1985 inchi hii iko na sheria juu ya silaha na masasi: raia hawezi kuwa na bunduki bila ruhusa ya serkali. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Tarehe 30 Aprili 2010, mapatano ya inchi za Afrika ya Kati juu ya silaha ndogo ndogo yalipitishwa Kinshasa, na yanabeba jina la Kinshasa. Tarehe 6 Mei 2021 tuliingizwa ndani ya état de siège: wanajeshi na polisi njo walipewa kuongoza, na raia wakapelekwa kuhukumiwa na tribinali ya kijeshi. Mwaka 2024, tarehe 13 Machi, wizara ya sheria iliondoa kizuizi kilichokuwako toka 2003 juu ya kuua waliohukumiwa kifo, na ujambazi wa mijini wenye kuua watu ulitajwa wazi. Tuongeze nini tena? Mutu mwenye kutoka usiku na kalashi hasomi gazeti la serkali.

Turudi kwa swali la yule mama. Hakuna mutu anayetengeneza kalashi Majengo wala Ndosho. Bunduki zinaingia kwa milango tunayoijua: depo za jeshi na polisi, vikundi vya msituni, na silaha zinazogawiwa vijana juu ya vita. Hatuzarau mutu aliyesimama kulinda kijiji chake. Lakini bunduki iliyotolewa bila jina na bila daftari, kesho inalala kwenye kartie, kesho kutwa inakodishwa. Milango hiyo inaweza kufungwa bila wadepite kupiga kura hata siku moja.

Mulango wa kwanza ni hesabu. Kila bunduki ya serkali iandikwe namba yake, jina la aliyeibeba, na masasi mangapi alipewa. Akirudi, ahesabiwe. Yakipunguka, aulizwe, na mukubwa wake aulizwe naye. Na askari wapewe kambi. Leo wengi wanapanga vyumba kati yetu, bunduki iko chini ya kitanda, watoto wako na njaa, mushahara unachelewa. Askari asiyelipwa, bunduki yake njo inakuwa shamba lake. Kumulipa kwa wakati ni kulinda raia.

Mulango wa pili ni msitu. Vijana wanaambiwa kila siku watoke na waweke silaha chini. Lakini mwaka 2014 Human Rights Watch ilionyesha kwamba zaidi ya watu 100, wapiganaji waliojitoa pamoja na bibi na watoto wao, walikufa kwa njaa na magonjwa ndani ya kambi ya Kotakoli, kule Equateur, wakingojea maisha waliyoahidiwa. Waliobaki msituni walisikia habari hiyo. Programu mpya ya kuondoa silaha, iliyoanzishwa mwezi wa saba 2021, inasema mutu arudi kwa jamii yake na apate kazi. Ni vizuri. Basi ionekane kwenye barabara ya kijiji, na si kwenye hoteli za semina tu.

Inawezekana. Msumbiji, toka 1995, makanisa yakiongozwa na Askofu Dinis Sengulane yalipokea bunduki na kumupa mutu mashini ya kushona, kinga au jembe. Bunduki zikakatwa, wasanii wakatengeneza viti. Hata Katanga kwetu kuna waliorudisha silaha wakapewa kinga. Lakini tusidanganyane: Msumbiji vita ilikuwa imeisha. Hapa, kama hakuna usalama, mutu anaweza kurudisha bunduki mbovu na kubakiza nzima. Njo maana kazi hii inaenda pamoja na hesabu ya depo.

Mulango wa tatu ni kartie zetu. Giza linasaidia mwizi kuliko sheria inavyomuogopesha. Tunaomba taa barabarani, patruye ya miguu usiku, na namba ya simu ambayo mutu anajibu na gari inatoka. Sisi tuendelee na filimbi na masufuria, tuendelee na nyumba kumi, tujue nani analala wapi.

Na kuna kazi ambayo ni yetu peke yetu. Siku ile ya kilio tulisimama mbele ya mulango wa yule kijana, tukaita shefu wa avenyu, tukamusindikiza mpaka mikononi mwa sheria. Wengine walitutukana. Tunaelewa hasira yao, rafiki yetu naye tulimulilia. Lakini hatujui kama ni yeye. Na kama ni yeye, mutu aliyechomwa hawezi kusema nani alimukodisha bunduki. Ukimuchoma, mwenye bunduki anacheka, anatafuta kijana mwengine asiye na kazi. Na vijana bila kazi, ndugu, tuko wengi.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne: daftari ya silaha na masasi katika kila kambi na kila komisaria, mishahara ya askari na polisi kwa wakati, kazi ya kweli kwa wanaoacha silaha, taa na patruye kwenye kartie zote, si mbele ya maofisi tu.

Juma tatu saa tatu ya asubui tutapeleka barua hii kwenye meri. Tutaenda mikono mitupu, sawa siku zote, na tutaikaa chini mpaka ipokelewe. Njoo na filimbi yako. Mama wa mwenzetu atakuwa pamoja nasi, na swali lake bado halijajibiwa.