Uvira: Vidonge vya "kusafisha ini" havitashinda sukre na kanyanga

Katika masoko ya Uvira, ndani ya mabasi na hata mbele ya makanisa, vidonge na poda za "kusafisha ini" vinauzwa kwa wingi. Wauzaji wanasema vina antioksidanti nyingi na kwamba vinayeyusha mafuta ya ini. Wakaaji wengi wanawaamini. Kuna mama anayetoa pesa ya masomo ya mtoto ili mume wake apate chupa moja. Biashara hii inastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu inasimama juu ya ukweli nusu.

Ukweli wenyewe ni huu. Mafuta ya karanga yakiachwa wazi siku nyingi yanachacha na kunuka, kwa sababu hewa imeyaharibu. Mafuta yaliyojaa ndani ya ini yanaweza kuharibika vivyo hivyo, na ini likavimba, likapata makovu, mwishowe likashindwa kazi. Antioksidanti, kama vitamini E, vitamini C na rangi nyekundu ya mawese, zinapunguza uharibifu huo.

Mwaka 2010 utafiti wa Marekani ulichapishwa juu ya watu 247 wenye ini lenye mafuta na uvimbe, wasio na kisukari. Kati ya waliopewa vitamini E kwa wiki 96, asilimia 43 walipata nafuu. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikuwa asilimia 19. Lakini makovu ya ini hayakupungua kwa namna ya kuaminika. Na wagonjwa hao walipimwa kwanza, wakafuatwa na waganga muda wote. Hawakununua chupa ndani ya basi.

Tena, nyingi si nzuri siku zote. Mwaka 2011, utafiti mwingine wa wanaume zaidi ya 35,000 ulionyesha kwamba waliomeza vitamini E kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wasiomeza. Na mwaka 2004, majaribio kwenye chembe za ini za wanyama yalionyesha jambo la kushangaza: antioksidanti zilipozuia mafuta yasichache, ini lilitoa mafuta mengi zaidi kwenda kwenye damu. Mzigo uliondoka ini ukahamia kwenye mishipa.

Swali ambalo muuzaji haliulizi ni hili: mafuta hayo yanatoka wapi? Sehemu yake ini linaitengeneza lenyewe. Mtu akinywa sukre tatu kwa siku, ini linageuza sehemu ya sukari hiyo kuwa mafuta. Akinywa bia au kanyanga kila jioni, pombe inazuia ini lisichome mafuta, yanabaki humo. Kumeza kidonge huku chupa ya sukre iko mkononi ni kama kukausha nyumba huku paa linavuja.

Cha kusikitisha, antioksidanti ziko tayari kwenye meza ya Uvira: lengalenga, maembe, avoka, nyanya, na mawese yanayotoka Fizi. Lakini katika nyumba nyingi mawese yanachomwa hadi yawe meupe, na rangi ile nyekundu, ambayo ndiyo mali yenyewe, inaangamia kwa moto. Mawese yatumiwe mekundu, na kwa kiasi, kwani nayo ni mafuta.

Wengine watasema raia hawana pesa ya kupimwa, ndiyo maana wanakimbilia chupa. Ni kweli, na hapo lawama haiwezi kuwa ya raia peke yao. Viongozi wa afya wanapaswa kudhibiti dawa zinazouzwa bila anwani wala kipimo, na vituo vya afya vifundishe juu ya ini kama vinavyofundisha juu ya malaria. Mtu mwenye macho ya manjano au tumbo linalojaa maji aende hospitali bila kuchelewa, kwa sababu huenda ni homa ya ini au makovu, na poda haiponyi yoyote kati ya hayo.

Bei ya chupa moja ingenunua mboga za nyumba nzima kwa siku nyingi. Kuacha sukre na kanyanga hakulipishwi hata franga moja.