Si Jua Wala Dini

Yako maneno yaliyozoeleka hata hatuyaulizi tena. Mojawapo ni hili: ati demokrasia ni mmea wa nchi za baridi, na kwetu sisi wa jua kali, tena Waislamu, haumei. Neno hili ni kongwe. Mfaransa Montesquieu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1748, alidai kwamba joto huwalegeza watu wakakubali kutawaliwa kwa mabavu, na kwamba utawala wa namna hiyo ndio unaowaelekea Waislamu. Lakini humo humo alisema watu wa visiwani hupenda uhuru kuliko wa bara. Basi sisi tulio juani na visiwani, atatuweka wapi?

Na tuvitazame visiwa vyenyewe. Komoro na Mauritius zote zimo katika Bahari ya Hindi, zote zimetokana na milima ya moto, zote zimeonja utawala wa Wafaransa. Komoro ilijitangazia uhuru Julai 1975. Mwezi haujatimia, serikali ikapinduliwa, na mapinduzi yakafuatana. Mauritius ilipata uhuru wake 1968. Mwaka 1982 Waziri Mkuu Seewoosagur Ramgoolam, aliyeiongoza tangu uhuru, alishindwa katika kura, akaondoka kwa amani. Bahari ni moja, jua ni moja, mambo ni mbalimbali.

Hapo atazuka msemaji: "Wakomoro ni Waislamu, na Mauritius wengi wao ni Wahindu, ndiyo sababu." Haya, na twende Senegal, ambako Waislamu ni zaidi ya tisa katika kila watu kumi. Waislamu hao walikaa miaka 20 na rais Mkristo, Léopold Senghor, naye mwishoni mwa 1980 akajiuzulu mwenyewe. Mwaka 2000 Abdou Diouf alishindwa, akampisha Abdoulaye Wade. Mwaka 2012 Wade naye alishindwa, akampisha Macky Sall. Na Sall alipouahirisha uchaguzi wa 2024, Baraza la Katiba lilimwambia hana ruhusa hiyo. Kura zikapigwa Machi, akashinda Bassirou Diomaye Faye, aliyetoka gerezani siku 10 tu kabla yake. Hayakuja bure: vijana walikufa mabarabarani. Lakini dini yao haikuwazuia.

Neno hili la "hatufai" lina wapenzi wawili: mgeni anayetudharau, na mtawala wa nyumbani asiyetaka kuulizwa. Sisi Wakenya, tangu 1982 chama kilipofanywa kimoja kwa sheria hata 1991, tuliambiwa kuwa vyama vingi si desturi ya Mwafrika. Na miongoni mwetu Waislamu wamo wasemao kura ni ukafiri. Hao nawakumbusha kuwa Qurani ina sura nzima, ya 42, iitwayo Shura, yaani kushauriana. Mashauri yatakuwa wapi ikiwa mmoja ndiye asemaye, na wengine kazi yao ni kuitikia?

Sisemi mila haina uzito. Lamu ya kale iliongozwa na baraza la wakubwa wa mji, wakikaa wakishauriana. Lakini mtumwa hakuwa na kiti humo. Kwa hiyo mila ni kama sanduku la bibi: mna leso nzuri ya kuvaliwa, na mna nguo iliyoliwa na nondo. Ni sisi tunaochagua la kulitoa.

Linaloamua ni mambo mawili: mkubwa kukubali kushindwa, na kuwako wenye uwezo wa kumwambia "basi" asipokubali. Hayo hayaletwi na kaskazi wala kusi. Hufanywa na watu, na watu huweza kuyavunja. Basi kijana wa Mombasa au wa Lamu akiambiwa kuwa watu wake hawakuumbiwa kujitawala, na aulize kwanza: huyu aniambiaye, atapata nini nikimsadiki?