Kurabu hafuati mtu, hufuata jaa

Asubuhi ya Jumamosi moja nilikuwa nimeketi barazani, Ndia Kuu, nikisubiri kahawa, nilipoona jambo ambalo wakazi wa Mji wa Kale wamelizoea hata hawalishangai tena. Jirani yangu, bibi mtu mzima, alikuwa amemfungulia kuku wake na vifaranga sita watembee kichochoroni. Kando ya ukuta palikuwa na ndoo iliyopinduka, na matumbo ya samaki yamemwagika chini. Kurabu wawili walishuka kwenye matumbo. Hawakuwa na haja ya kuku hata kidogo. Walipokwisha kula wakatazama huku na huku, na kabla kuku hajatandaza mbawa, mmoja alikuwa amekwisha kupaa na kifaranga mdomoni. Mtoto mdogo alirusha jiwe likagonga mlango wa watu.

“Mwalimu, hawa si ndege, hawa ni wevi!” akaniambia yule bibi.

“Ni kweli, mamangu,” nikamjibu, maana pale hapakuwa mahali pa kumpa somo mtu aliyepoteza mali yake. Lakini jicho langu lilibaki kwenye ile ndoo. Nani alimwalika mwizi?

Nimeandika makala haya kwa sababu ya ndoo ile, na nayaelekeza hasa kwa walimu wenzangu na wanafunzi, kwani suala la kurabu limekuwa likizungumzwa kana kwamba ni la sumu peke yake.

Kwanza inafaa tumjue tunayemzungumzia. Kunguru wetu wa asili ni yule mkubwa mwenye kifua cheupe, ambaye siku hizi ni nadra kumwona kisiwani. Huyu mwembamba mwenye shingo ya kijivu ni kunguru wa Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, zama za himaya ya Waingereza, na sababu ya kuletwa kwake ilikuwa ale takataka za mji. Hakuja kwa hila wala kwa bahati mbaya. Aliajiriwa. Kutoka Unguja alienea pwani, na mwaka 1947 akaonekana Mombasa kwa mara ya kwanza. Leo yuko Malindi na Watamu, na miji ya bara nayo inamwangalia kwa hofu.

Madhara yake hayana shaka. Jike hutaga mayai matatu hadi matano, na tago lake hulijenga kwenye mwembe, kwenye mkungu, hata juu ya nguzo ya umeme, kwa vijiti na vipande vya waya. Huvamia matago ya ndege wadogo na kula mayai na makinda. Chozi, mnana na shore, waliokuwa wakiimba katika nyua zetu, wamepungua mno palipojaa kurabu. Hata mwewe na kipanga, ambao kwa desturi ndio wawindaji wa angani, hufukuzwa kwa kuzingirwa na kundi. Aidha, kwa kuwa hutoka jaani akaingia jikoni, amepatikana akibeba vijidudu vya maradhi ya kuhara. Kwa hiyo asiwepo msomaji atakayedhani kwamba nimeshika kalamu kumtetea kurabu. Simtetei.

Swali langu ni jingine: je, tunajua tunapigana na nini?

Vita hivi si vipya. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 ilitumika hapa pwani dawa iitwayo Starlicide, ambayo ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya kuwaua ndege wanaovamia vyakula vya mifugo. Dawa hiyo hutiwa katika nyama, ndege akaila, figo zake zikaharibika, akafa baada ya saa kadhaa. Idadi ya kurabu ilishuka. Mwaka 2005 kazi ilisimama kwa kukosekana ruhusa ya kuingiza dawa nchini, na kurabu wakarudi kwa kishindo. Jirani zetu wa Dar es Salaam nao, kuanzia mwaka 2010, walitumia mitego na sumu, wakaua mamia ya maelfu. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likatangaza azma ya kuangamiza kurabu milioni moja nchini Kenya kabla ya mwaka huo kwisha. Mwaka ule umekwisha, na mwenye kutaka kujua kama kurabu nao wamekwisha na asimame Ndia Kuu alasiri, wavuvi wakirudi, atazame juu ya mapaa.

Kwa nini kila mara warudi? Jibu limo katika tabia ya ndege mwenyewe. Wataalamu waliomchunguza wanasema kwamba hakuna mahali popote duniani ambako kurabu huishi mbali na binadamu. Haendi msituni akajitafutia riziki kama ndege wengine. Riziki yake ni makombo yetu, na wingi wake ni kipimo cha uchafu wetu. Ukiwaua elfu na ukaacha chakula cha elfu kikiwa kimemwagika kichochoroni, umewapunguzia waliobaki ushindani tu. Watakula vizuri zaidi, watalea makinda wengi zaidi, na baada ya misimu michache hesabu itakuwa ile ile. Sumu hupunguza midomo, wala haipunguzi karamu.

Na tusisahau kwamba kwenye karamu hiyo kurabu hayuko peke yake. Mchana ni wake, usiku ni wa panya, na baina yao wamo paka wa Mji wa Kale, ambao wengine wamenenepa kwa vichwa vya samaki hata hawana tena hamu ya kumfukuza panya. Tuseme kurabu wote wafe kesho na taka zibaki palepale. Nani atarithi sehemu yao? Sioni mrithi wa karibu kuliko panya, na panya ataingia mpaka ndani ya kabati, jambo ambalo kurabu hathubutu.

Ulimwengu umekwisha kutupa funzo hili. Mwaka 1859 bwana mmoja Mwingereza aitwaye Thomas Austin aliwaachilia sungura wapatao 24 katika shamba lake huko Victoria, Australia, ili apate cha kuwinda. Sungura wale walizaana wakala majani ya nchi nzima. Mbweha waliopelekwa huko kwa ajili ya uwindaji walipatana vizuri na sungura, lakini walipatana vizuri zaidi na wanyama wadogo wa asili, ambao hawakuwa wamezoea adui wa namna ile. Mwaka 1950 ukaachiliwa ugonjwa wa kuwaua sungura, na sehemu kubwa mno ikafa, lakini waliosalia wakapata kinga, wakazaana upya. Katika hadithi zetu Sungura huwashinda fisi na simba kwa werevu. Huko Australia alimshinda binadamu bila werevu wowote, kwa kuzaa tu na kula alichokikuta. Kurabu ana vyote viwili: anazaa, na ana akili.

Wapo wanaonipinga, na hoja zao nazijua kwa kuwa nazisikia kila siku barazani. Wa kwanza husema kwamba hata dini imetuondolea lawama, kwani kunguru ametajwa katika wale viumbe watano walioruhusiwa kuuawa hata na aliyehirimia, pamoja na mwewe, panya, nge na mbwa mkali. Ni kweli. Lakini ruhusa ya kuua haikufuta amri ya kusafisha. Dini hiyo hiyo imeufanya usafi kuwa sehemu ya imani, na kuondoa chenye kuudhi njiani ikakihesabu kuwa sadaka. Ndia Kuu, kwa lugha ya Kimvita, maana yake ni njia kuu. Je, kuna njia inayostahili sadaka hiyo zaidi?

Wa pili husema: waacheni ndege, ni viumbe vya Mungu, na hata takataka wanatusaidia kuzila. Hawa nawaambia kwamba hiyo ndiyo hoja iliyomleta kurabu Unguja zaidi ya karne moja iliyopita. Tangu hapo amekula taka kila siku, na taka hazijaisha. Zilizopungua ni chozi na mnana, nao pia ni viumbe vya Mungu.

Wa tatu ni wale wenye haraka. Hawa ndio wanaonitia hofu. Husema hawana subira ya kungoja shirika wala wizara, bali watanunua dawa ya wadudu dukani waitie katika nyama waitupe juu ya paa. Hapa nasema kwa sauti kubwa: huo ni msiba. Starlicide hutumiwa na wenye mafunzo na kibali. Huanza kwa kuwazoesha ndege nyama isiyo na kitu, wakatazama ni nani wajao kula, kisha ndipo hutia dawa kwa kipimo. Na hata dawa hiyo, nyama iliyotiwa sumu ni nyama. Paka wa Kuze hajui kusoma tangazo, wala njiwa wa Kibokoni, wala mtoto wa miaka miwili anayeokota kila kilicho chini. Ikiwa wataalamu wanahitaji tahadhari yote hiyo, mtu na kopo lake la dawa ya mbu anajaribu nini?

Maoni yangu basi ni haya. Sumu na mitego ina nafasi yake, na ikitumiwa na itumiwe na wanaojua, wakazi wakiwa wamearifiwa siku na mahali, na mizoga ikiokotwa na kuzikwa. Lakini itangulie kazi ya usafi, na iendelee baada ya sumu kwisha. Mwenye kuuza samaki awe na pipa lenye kifuniko. Mwenye kupika viazi na mishikaki jioni asiondoke akaacha makombo kwenye mfereji. Wanaohusika na kuzoa taka wazizoe alfajiri, kabla kurabu hajaamka, si saa nne mchana akiwa amekwisha kushiba. Jaa la Kibarani, lililokuwa kama hoteli kuu ya kurabu penye mlango wa kisiwa, lilifungwa baada ya miaka mingi ya kulalamikiwa. Lakini kufunga jaa moja kubwa na kufungua majaa mia madogo vichochoroni si kusafisha mji.

Wataniambia kwamba tabia za watu hazibadiliki. Zinabadilika. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017 nani angeamini kwamba Mkenya angekwenda sokoni na kikapu chake? Sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ilipoanza tulinung'unika, kisha tukazoea. Watu wa Mombasa si wagumu wa kufunzika. Wanataka tu kuona kwamba wanaoagiza nao wanatenda.

Hapa ndipo nawageukia walimu. Mtaala wa sasa unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na sijui somo lililo karibu zaidi na mlango wa shule zetu kuliko hili. Mwalimu wa sayansi na awape wanafunzi kazi ya kuwahesabu kurabu uwanjani, saa ile ile, siku ile ile, kila wiki. Kisha wachore ramani ya mtaa, watie alama kila mahali penye taka zilizo wazi, wazilinganishe hesabu na alama. Shule ikianza kufunika mapipa yake, waendelee kuhesabu muhula mzima waone kama tarakimu zinashuka. Mwalimu wa Kiswahili na aandae mjadala: nani wa kulaumiwa, ndege au mtupaji? Matokeo yao yapelekwe kwa wazee wa mtaa na kwa wanaohusika na taka. Mtu mzima hupuuza kelele za mtoto, lakini daftari lenye hesabu ya miezi mitatu si rahisi kulipuuza.

Nao wanafunzi nawaomba jambo moja dogo. Jiwe la yule mtoto wa Jumamosi halikumpata kurabu wala halikumrudisha kifaranga. Kama angeuinua mkono ule ule akaisimamisha ndoo na kuifunika, kurabu wasingekuwa na sababu ya kushuka.

Wale waliosoma chuoni wanakumbuka kwamba Kabili alipomuua ndugu yake hakujua la kufanya na maiti, hata Mungu akamleta kunguru aliyeparura ardhi, akamwonyesha namna ya kusitiri. Ndege huyu basi alikuwa mwalimu wetu wa kwanza wa kufukia kisichofaa kuachwa wazi. Kila asubuhi anashuka Ndia Kuu na kutukuta hatujalishika somo. Tukisha kulishika, atajiondokea mwenyewe, au atapungua kiasi cha kutotuumiza vichwa. Tusipolishika, tutanunua sumu leo, na wajukuu zetu watainunua tena.