Kipindupindu hakizaliwi kwenye genge la mama lishe

Kila kipindupindu kinapozuka mjini, magenge ya mama lishe hufungwa, wauza matunda ya kukatwa hutimuliwa, na sisi wengine tunahimizwa kunawa mikono. Kunawa ni lazima. Ila amri hizo humchukulia bakteria huyu kana kwamba amezaliwa kwenye sufuria ya maskini, ilhali kiumbe huyu wa seli moja, aliyepinda kama mkato, ana makazi yake ya asili: maji ya chumvichumvi ya midomo ya mito na vinamasi vya pwani. Mmarekani Rita Colwell na wenzake walionyesha kwamba humo hujishikiza kwenye vijidudu vya jamii ya kamba vinavyoelea majini. Huko Bangladesh wakawafundisha wanawake kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha wagonjwa wakipungua kwa karibu nusu. Bakteria aliye peke yake angepenya kitambaa hicho bila taabu. Kilichonaswa ni vijidudu vilivyombeba.

Wapo watakaopinga, tena kwa hoja nzito. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2017 ulibaini kuwa milipuko mikubwa ya Afrika tangu 1970 ilitokana na aina za bakteria zilizoingia kutoka Asia, zikisafiri na watu. Haiti nayo iliambukizwa mwaka 2010 kutokana na kinyesi cha kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Nakubali. Lakini mgeni yule asingeua maelfu kama watu wasingekuwa wanakunywa maji ya mto Artibonite wa huko Haiti, uliochafuliwa na kinyesi hicho. Awe amekaa kinamasini au ameshuka kwenye ndege, mlango anaopitia zaidi ni maji. London iliukomea karne ya 19 kwa mifereji ya majitaka, na mlipuko wake mkubwa wa mwisho, wa 1866, ulipiga mashariki ya jiji, ambako mifereji hiyo ilikuwa haijakamilika.

Tutaambiwa mabomba ni ghali. Ni kweli, na ndiyo maana kufunga genge kunapendwa: hasara yote anabeba mwenye genge, ambaye huosha vyombo kwa maji ya dumu asiyojua yalikotekwa. Basi halmashauri inayobandika tangazo la kufunga iandike papo hapo ni lini bomba litafika mtaa huo, na hadi siku hiyo igawe dawa ya klorini kwa kila anayenunua maji ya dumu.